Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Maisha ya Jerry Garcia na Albamu Yake ya Reflections

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza swali moja kila tunapokabidhiwa kazi ya sanaa: mtunzi ni nani? Swali hili huonekana jepesi mbele ya riwaya au diwani yenye jina moja kwenye jalada. Ugumu hujitokeza tunapoingia katika uwanja wa nyimbo, ambako mmoja hutunga maneno, mwingine huyatia mahadhi, wa tatu huimba na wengine hupiga ala. Santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay kuanzia mwaka 1928 zinajulikana kwa jina lake, ilhali hakwenda huko peke yake. Aliandamana na wenzake wa kundi, na sauti na ala zao zimo katika santuri hizo hizo. Jina moja lilibaki midomoni mwa watu. Mengine yakawa ya kutafutwa na watafiti.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali hilo kupitia maisha ya mwanamuziki wa mbali na pwani yetu, naye ni Jerry Garcia wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 1995. Garcia alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Grateful Dead. Mnamo Februari 1976 alitoa albamu yenye jina lake peke yake, Reflections. Atakayesoma orodha ya wapigaji wa albamu hiyo atagundua kwamba nusu ya nyimbo zilipigwa na wenzake walewale wa Grateful Dead, na nusu nyingine na kundi lake la pili. Je, mtu anayeaga nyumba yake kwa mlango wa mbele na kuwaita wenziwe wamfuate kwa mlango wa nyuma, ameondoka kweli?

Hoja ya makala haya ni kwamba hapakuwa na hila wala upungufu wa ubunifu katika jambo hilo. Reflections inatufunulia namna Garcia alivyoishi na kufanya kazi tangu utotoni. Alikuwa msanii asiyeweza kuwaza muziki nje ya kundi, naye aliishi katika jamii iliyosisitiza kumwona kuwa mmoja. Tofauti hiyo kati ya utendaji wake na sifa aliyopewa haikuwa jambo la nadharia tu, kwani, kama tutakavyoona, ilimgharimu.

Utoto na Misiba Miwili

Jerome John Garcia alizaliwa tarehe 1 Agosti 1942 mjini San Francisco, jimboni California. Baba yake, José Garcia, alikuwa mhamiaji kutoka Uhispania aliyepiga klarineti na saksafoni na kuongoza bendi ya dansi, kabla ya kuacha muziki na kufungua baa karibu na bandari. Mapenzi ya muziki hayakumtoka mzee huyo. Mwana alipozaliwa, alipewa jina la Jerome Kern, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za majukwaani.

Mwaka 1947 ulimletea mtoto huyu misiba miwili. Kwanza, akiwa na umri wa miaka minne, alikuwa akimsaidia kaka yake kupasua kuni katika milima ya Santa Cruz pale shoka lilipomkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Theluthi mbili za kidole hicho zilipotea. Pili, katika mwaka huohuo, baba yake alikufa maji alipokuwa akivua samaki mtoni kaskazini mwa California. Mama, Ruth, alilazimika kuishika baa mwenyewe, na watoto wakapelekwa kulelewa na wazazi wake. Nyanya yao, Tillie, alikuwa mwanaharakati katika chama cha wafanyakazi wa dobi na mpenzi wa muziki wa mashambani. Hivyo basi, nyumba aliyokulia Garcia ilikuwa na mambo mawili yatakayoonekana tena katika maisha yake, yaani nyimbo za watu wa kawaida na imani kwamba wanyonge hupata nguvu wakiungana.

Alipotimiza miaka 15, mnamo 1957, mama yake alimzawadia kodiani. Kijana hakuitaka hata kidogo. Alilalamika hadi ikabadilishwa katika duka la rehani kwa gitaa la umeme. Hapakuwa na mwalimu, naye hakujua hata namna sahihi ya kulikaza gitaa hilo nyuzi. Alijifunza kwa kusikiliza na kuigiza. Mkono wake wa kulia, uliopungukiwa na kidole, ndio uliopaswa kuzigonga nyuzi. Wengi wangeliona jambo hilo kuwa kizuizi, lakini yeye aliuzoea mkono huo kama alivyo. Baadaye alama ya kiganja chake, yenye pengo mahali pa kidole cha kati, ingetambulika na mashabiki wake kama sahihi.

Ajali Iliyombadilisha

Ujana wa Garcia haukuwa wa kujivunia. Aliacha shule, akaiba gari la mama yake, na mwaka 1960 akajiunga na jeshi akiwa na umri wa miaka 17. Jeshi nalo lilimchoka upesi. Alitoroka kambini mara kwa mara, na kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa ameachishwa kazi. Alihamia Palo Alto, mji ulio kusini mwa San Francisco, akawa analala popote palipopatikana nafasi.

Usiku wa tarehe 20 Februari 1961, gari alimokuwa pamoja na rafiki zake lilikuwa likienda kasi lilipoacha barabara na kupinduka. Garcia alirushwa nje kupitia kioo cha mbele na kuvunjika mtulinga. Rafiki mmoja, Paul Speegle, aliyekuwa na umri wa miaka 16 tu na kipawa cha uchoraji, alifariki papo hapo. Tangu siku hiyo Garcia aliyaona maisha yake kuwa deni. Alianza kufanya mazoezi ya gitaa kwa saa nyingi kila siku, kana kwamba anafidia muda wa mwenzake aliyekatizwa njiani. Katika miezi iyo hiyo alikutana na Robert Hunter, kijana mpenzi wa vitabu na ushairi. Urafiki wao ungedumu hadi kifo.

Shule ya Kupokezana

Kabla ya gitaa la umeme kumpa umaarufu, Garcia alizama katika banjo na muziki wa nyuzi wa kusini mwa Marekani uitwao bluegrass. Ni muhimu tuuelewe muziki huu kwa sababu ulimfunza nidhamu aliyoishika siku zote. Katika bluegrass kila mpigaji hupewa zamu yake. Wa banjo hutangulia kwa ubeti mmoja, kisha hurudi nyuma na kumshikilia wa fidla, naye humpisha wa gitaa. Umahiri wa mpigaji hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja, namna anavyong'ara zamu yake ifikapo, na namna anavyowabeba wenzake zamu yao inapofika. Atakayewakumbuka wapokezanaji wa ngonjera, ambao kila mmoja huanzia pale alipoishia mwenzake, hatakuwa mbali na jambo hili.

Garcia alijikimu kwa kufundisha gitaa na banjo katika duka la ala mjini Palo Alto. Usiku wa kuamkia mwaka 1964 alikuwa dukani akiwangoja wanafunzi wake, bila kutambua kwamba ni mkesha wa mwaka mpya na kwamba hapana ambaye angekuja. Kijana wa miaka 16, Bob Weir, alipita nje, akaisikia banjo na kuingia. Walipiga pamoja usiku kucha. Muda si muda walianzisha kikundi cha kupiga mitungi na ala za kubahatisha, wakiwa na Ron McKernan, mwimbaji wa bluzi aliyefahamika kwa jina la utani la Pigpen.

Mwaka 1965 kikundi hicho kiligeuka kuwa bendi ya umeme. Bill Kreutzmann alishika ngoma, na Phil Lesh, msomi wa muziki wa kisasa wa okestra ambaye hakuwa amewahi kupiga gitaa la besi, aliombwa ajifunze na kujiunga. Kwa muda mfupi walijiita Warlocks. Mwishoni mwa mwaka huo walikubaliana jina jipya walilolikuta katika kamusi.

Jina hilo linatuhusu sisi wanafasihi. Grateful Dead, yaani mfu mwenye shukrani, ni motifu ya ngano inayopatikana katika mataifa mengi. Msafiri huikuta maiti iliyonyimwa maziko kwa sababu marehemu aliacha madeni. Hutoa fedha zake za mwisho, akalipa madeni na kumzika. Mbele ya safari hujitokeza mwenzi asiyemfahamu, akamwokoa katika hatari, na mwishowe hubainika kwamba mwenzi huyo ni yule marehemu, amerudi kulipa fadhila. Kijana aliyenusurika katika ajali iliyomuua rafiki yake alijikuta anaishi ndani ya jina la ngano ya deni na fadhila.

Bendi Iliyokataa Kurudia

Grateful Dead ilikulia katika vuguvugu la vijana wa San Francisco. Walipiga katika tafrija za mwandishi wa riwaya Ken Kesey, ambako wengi walitumia dawa ya kulevya ya LSD, iliyokuwa bado halali California hadi Oktoba 1966. Katika tafrija hizo hapakuwa na mstari kati ya jukwaa na hadhira. Bendi iliweza kupiga kwa saa tano au kwa dakika tano, na hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo walipozoea kubuni papo kwa papo.

Kwa miaka 30 walipiga zaidi ya maonyesho 2,300, na hakuna mawili yaliyofanana. Wimbo wa dakika nne ungeweza kunyooshwa hadi nusu saa; orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku. Aidha, waliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho na kubadilishana kanda bila malipo, na kuanzia mwaka 1984 wakawatengea wanaorekodi sehemu yao maalumu nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua jambo hili mara moja. Matini haikuwa kitu kimoja kilichogandishwa katika studio. Ilizaliwa upya katika kila utendaji, mbele ya hadhira mahususi, na hadhira hiyo ndiyo iliyoihifadhi.

Kuanzia mwaka 1967 Robert Hunter aliwaandikia maneno. Garcia hakupenda kuandika mashairi. Alitunga mahadhi na kuyaacha maneno kwa rafiki yake. Hunter hakupanda jukwaani na bendi, lakini alihesabiwa kuwa mmoja wao, na walipoingizwa katika Jumba la Watukufu wa Roki mwaka 1994 aliingizwa pamoja nao. Albamu mbili za mwaka 1970, Workingman's Dead na American Beauty, ndizo zilizoonyesha wazi nguvu ya ushirikiano huo. Hata hivyo, hadhira ilizoea kuziita nyimbo hizo za Garcia kwa sababu ni yeye aliyeziimba. Tayari jina moja lilikuwa limeanza kumeza la pili.

Albamu za Mtu Mmoja

Mwaka 1972 wanabendi watatu walitoa albamu za majina yao. Ya Garcia, iliyoitwa Garcia, ndiyo iliyokaribia kuwa ya mtu mmoja kwa maana halisi. Alipiga magitaa yote, besi na vinanda. Ngoma pekee zilipigwa na Kreutzmann, na maneno karibu yote yakawa ya Hunter. Lakini tazama yaliyofuata. Nyimbo zake kama Deal, Sugaree na Bird Song zilichukuliwa na bendi, zikapigwa usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miongo miwili, na leo wengi huzihesabu kuwa za Grateful Dead. Mtu alijifungia studio peke yake, kazi ikatoka na kurudi kwa ukoo.

Bob Weir naye alitoa albamu yake, Ace. Yeye hakujifungia. Alipohitaji wapigaji aliwaita wenzake, na karibu Grateful Dead nzima ikaingia studio, Garcia akiwa miongoni mwao. Ace ilikuwa albamu ya bendi kwa kila hali isipokuwa jina. Aliyekuwa kiongozi machoni pa watu alikaa kimya nyuma ya kijana aliyeingia dukani usiku ule wa mwaka mpya, akamshikia zamu yake. Bluegrass ilikuwa imemfunza hivyo.

Mwaka 1973 bendi iliamua kujitegemea na kuanzisha kampuni zake za kurekodi. Moja ilikuwa ya bendi nzima, na nyingine, Round Records, iliwekwa kwa kazi za mwanabendi mmoja mmoja. Mpango huo ulikuwa mzuri katika karatasi. Gharama ziliushinda. Mwaka 1974 walizunguka na mtambo mkubwa wa vipaza sauti uliosimama nyuma yao kama ukuta, uliohitaji malori na wafanyakazi wengi kuusafirisha na kuusimika. Mnamo Oktoba mwaka huo, baada ya maonyesho kadhaa mjini San Francisco, bendi ilisitisha ziara. Garcia alibaki na jukumu la kuhariri filamu ya maonyesho hayo. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka miwili na kumeza fedha nyingi.

Reflections: Nusu kwa Nusu

Katika hali hiyo ya mapumziko yasiyo mapumziko ndipo Reflections ilipotengenezwa. Bendi ilikuwa imerekodi Blues for Allah mwaka 1975 katika studio ndogo nyumbani kwa Weir, na katika mwaka mzima ilipanda jukwaani mara nne tu. Wakati uo huo Garcia alikuwa ameunda kundi la pili, Jerry Garcia Band, pamoja na John Kahn kwenye besi, Nicky Hopkins, Mwingereza aliyewahi kuwapigia piano Rolling Stones, na Ron Tutt, mpiga ngoma wa Elvis Presley.

Albamu ina nyimbo nane. Nne zilipigwa na Grateful Dead: Might as Well, They Love Each Other, It Must Have Been the Roses na Comes a Time. Nne zilipigwa na Jerry Garcia Band: Mission in the Rain, I'll Take a Melody, Tore Up Over You na Catfish John. Tukizichunguza moja moja, dhana ya albamu ya mtu mmoja inazidi kuyeyuka. It Must Have Been the Roses ni wimbo wa Hunter kwa maneno na mahadhi, naye alikuwa ameshautoa katika albamu yake mwenyewe mwaka 1974. I'll Take a Melody ni wa Allen Toussaint wa New Orleans, na Tore Up Over You ni wa Hank Ballard. Catfish John ni wimbo wa mashambani uliotungwa na watu wawili wasiohusiana na bendi. Unamsimulia mzee aliyewahi kuwa mtumwa na mtoto anayempenda ingawa mamaye anamkataza kumkaribia. Kwa hesabu hiyo, nusu ya albamu yenye jina la Garcia haikutungwa na Garcia hata kidogo.

Hata zile alizotunga zina historia ya kundi. Comes a Time ilianza kupigwa jukwaani na Grateful Dead mwaka 1971, na They Love Each Other mwaka 1973. Zilikuwa zimeshanyooshwa, kupunguzwa kasi na kurekebishwa na mikono ya watu sita au saba mbele ya maelfu kabla ya kuwekwa kwenye albamu ya mmoja. Might as Well inakumbuka safari ya mwaka 1970, wanamuziki wengi, Janis Joplin akiwemo, walipovuka Kanada kwa treni huku wakiimba mchana na usiku. Wimbo wa furaha ya umati, basi, ndio unaofungua albamu ya mtu mmoja.

Mfano unaotufunza zaidi ni Mission in the Rain. Hunter aliandika maneno yake akiukumbuka mtaa wa Mission wa San Francisco, alikoishi siku za ufukara wa ujana. Garcia, mzaliwa wa mji huohuo, aliyapokea kana kwamba yameandikwa juu yake. Maneno ni ya mmoja, kumbukumbu ni ya wawili, sauti ni ya mwingine. Bendi iliporudi jukwaani Juni 1976, Grateful Dead iliujaribu wimbo huu mara tano tu kisha ikauacha. Jerry Garcia Band iliuendeleza hadi mwisho. Might as Well, kinyume chake, ulihamia Grateful Dead mwezi huohuo. Kwa maneno mengine, jalada la albamu halikuamua nani mwenye wimbo. Utendaji ndio uliogawa urithi, kila wimbo ukaenda kwa kundi lililouweza.

Haifai kuificha sababu ya kibiashara. Kampuni za bendi zilikuwa katika dhiki, na albamu yenye jina la Garcia ilikuwa bidhaa. Kampuni hizo zilisambaratika mwaka huohuo wa 1976. Lakini sababu ya kibiashara hueleza kwa nini jina moja liliandikwa kwenye jalada. Haielezi kwa nini, alipokuwa na uhuru wa kumwita mpigaji yeyote, aliwaita wale wale.

Mzigo wa Jina

Baada ya Reflections mambo mawili yalikua kwa pamoja, umaarufu wa Garcia na uraibu wake wa heroini. Septemba 1978 bendi ilipiga mara tatu chini ya mapiramidi ya Giza, Misri, pamoja na Hamza El Din, mpiga udi na tari wa Kinubi. Katika maonyesho hayo Wanubi walianza kwa makofi na kiitikio chao, na Wamarekani wakajiunga taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka gitaa la Garcia likasikika kama mgeni aliyekaribishwa barazani. Mwaka huohuo alitoa Cats Under the Stars na Jerry Garcia Band, kazi aliyoipenda kuliko zote za jina lake. Haikununuliwa. Wanaomfahamu husema kwamba jambo hilo lilimvunja moyo, na ni kweli kwamba baada yake hakutoa albamu nyingi za studio.

Kufikia miaka ya 1980 familia nyingi zilikula kutokana na ziara za bendi, na ziara zilitegemea afya ya mtu mmoja. Wenzake walimkabili mwanzoni mwa mwaka 1985 wakimtaka aende kutibiwa. Alikubali, lakini kabla ya kwenda alikamatwa na dawa za kulevya ndani ya gari lake katika bustani ya Golden Gate. Julai 1986 kisukari kilimtia katika hali ya kupoteza fahamu kwa siku kadhaa. Alipozinduka, mikono iliyojulikana dunia nzima haikujua tena gitaa. Rafiki yake wa siku nyingi, mpiga kinanda Merl Saunders, alikaa naye na kumfundisha upya, sauti moja baada ya nyingine. Mwalimu wa Palo Alto akawa mwanafunzi.

Alirudi jukwaani kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka 1987 wimbo Touch of Grey uliiingiza bendi katika kumi bora za Marekani kwa mara ya kwanza, na viwanja vya michezo vikafurika. Ushindi huo uliongeza mzigo. Hadhira mpya ilikuja kumwona yeye, si kundi. Wengine walimwita kama mtu amwitavyo walii, jambo alilolichukia. Kupumzika kulimaanisha kuwanyima wengi riziki. Baada ya onyesho la mwisho mjini Chicago tarehe 9 Julai 1995, alitafuta tena matibabu. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1995, siku nane baada ya kutimiza miaka 53, alikutwa amefariki kwa maradhi ya moyo katika kituo cha kuwahudumia waraibu kaskazini mwa San Francisco. Desemba mwaka huo wenzake walitangaza kwamba hawatatumia tena jina la Grateful Dead.

Hitimisho

Methali tuliyoipa makala haya jina inasema kidole kimoja hakivunji chawa. Maisha ya Garcia yanaithibitisha kwa namna mbili. Mkono uliopoteza kidole kimoja uliendelea kupiga kwa sababu vidole vingine viligawana kazi, na albamu ya mtu mmoja ilikamilika kwa sababu makundi mawili yaligawana nyimbo. Lakini yanaihoji pia. Kundi lililojengwa kwa kupokezana lilishindwa kumpokea mzigo yule aliyechoka, na alipoondoka, jina likaondoka naye. Kusifu umoja, kwa hivyo, hakutoshi. Lazima tuulize katika kila kundi ni nani anayebeba jina la wote, na nani anambeba yeye.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala hili lina matokeo ya moja kwa moja nyanjani. Tunaporekodi taarab, nyimbo za bendi au ngoma za harusi, mara nyingi hurudi na jina la mwimbaji na tarehe, basi. Mpiga fidla, mpiga dumbaki, waitikiaji na yule mzee aliyetoa shairi huandikwa kwa neno moja tu, wenzake. Orodha ya wapigaji wa Reflections ndiyo iliyowezesha uchambuzi huu. Bila hiyo tungebaki na jina lililo kwenye jalada. Ni vyema basi kila kanda na kila daftari la utafiti katika idara zetu liwe na orodha kama hiyo, jina kwa jina na ala kwa ala, iandikwe wakati wahusika wangali hai na wanaweza kuisahihisha.